Majani ya bangoni: nani hasa huipa filamu ushindi?

Ukipita nje ya Ukumbi wa Taifa wa Kampala, mara kwa mara utakuta bango la filamu lenye vijitawi viwili vya majani vilivyopinda na kukumbatia maandishi madogo. Wapita njia huyaona yale majani tu. "Hii imeshinda," mmoja humwambia mwenzake, na safari inaendelea. Ukisogea karibu ukayasoma yale maandishi, mara nyingi utakuta hayataji ushindi wowote. Yanasema filamu ilichaguliwa kuonyeshwa kwenye tamasha fulani, basi. Ni heshima kubwa, lakini si tuzo.

Mimi naishi na filamu hizi. Kazi yangu ni kuandika tafsiri zinazopita chini ya picha, Kiswahili na Kiganda kwenda Kiingereza, na vijana wengi wanaopiga filamu hapa Kampala, wakiwemo Wakongomani wa Nsambya na Katwe, huniletea kazi zao zikiwa bado mbichi. Mwaka mmoja nikaalikwa kukaa kwenye jopo la majaji wa filamu fupi katika tamasha moja la kimataifa. Niliyoyaona humo ndani yalibadilisha namna ninavyoyatazama yale majani. Nataka kuyaeleza kwa sababu vijana wetu wanapoteza pesa na moyo kwa kutojua mambo haya yanavyokwenda, na watazamaji wetu wanaziamini au kuzidharau tuzo bila kujua zimetokea wapi.

Filamu za vijana hawa huitwa filamu huru, na neno "huru" lenyewe lina mafundo. Marekani, filamu huru ni ile iliyotengenezwa nje ya studio kubwa za Hollywood. Uganda hatuna studio za namna hiyo, kwa hiyo kila mpiga filamu ni huru, apende asipende. Mfano unaojulikana dunia nzima ni Isaac Nabwana wa Wakaliga, kitongoji cha Kampala. Filamu yake Who Killed Captain Alex?, ya mwaka 2010, ilitajwa kuwa na bajeti isiyofika hata dola 200. Silaha za kuigizia zilitengenezwa kwa vyuma chakavu, kompyuta aliziunga mwenyewe kwa vipuri, na kazi ilipokwisha ilibidi aifute nakala ya mwanzo ili apate nafasi ya kuhifadhi filamu iliyofuata. Mwaka 2019 filamu yake nyingine, Crazy World, ikaonyeshwa kwenye tamasha la Toronto, katika kile kipindi chao cha usiku wa manane. Uhuru wa Nabwana ni wa mtu ambaye hana wa kumwamuru akate tukio hili au lile, na hana wa kumlipia pia. Sasa iweke kazi kama hiyo kwenye kundi moja na filamu "huru" ya Marekani yenye bajeti ya dola milioni mbili. Zote zinaitwa huru. Jaji asiyelitambua hilo anapima muhogo na dhahabu kwa mzani mmoja.

Turudi kwenye safari ya filamu yenyewe. Watu hudhani filamu ikitumwa kwenye tamasha inakwenda moja kwa moja mezani kwa majaji. Sivyo. Kabla ya majaji kuna mchujo, na mchujo ndio mlango mwembamba kuliko yote. Tamasha la Cannes, kule Ufaransa, hupokea filamu ndefu zaidi ya 2,000 kila mwaka, na zinazoingia kwenye shindano kuu ni kama 20 hivi. Majaji wa Cannes, pamoja na umaarufu wao wote, hukutana na hizo 20 tu. Zile nyingine walikwisha kuzitoa watu ambao majina yao hayatangazwi jukwaani.

Katika matamasha ya kawaida, watu hao ni wa namna mbili. Wapo watazamaji wa mchujo, ambao wengi hujitolea au hulipwa kidogo, wakitazama filamu moja baada ya nyingine kwenye kompyuta zao na kuzipa alama. Halafu wapo wateuzi, wanaopokea zilizosalia na kupanga ratiba. Mtazamaji wa mchujo amechoka. Ameshatazama filamu tisa tangu asubuhi. Ikiwa dakika tatu za mwanzo wa filamu yako ni ndege wanaruka juu ya Ziwa Nalubaale, yaani Viktoria, huku majina ya wafadhili yakipita taratibu, umempa sababu ya kunyoosha mkono kwenye kitufe cha filamu inayofuata. Silisemi hili kwa kulaumu. Nimekaa kwenye kiti hicho na mkono wangu umenyooka vivyo hivyo.

Mteuzi naye ana hesabu zake, na nyingi hazihusu uzuri wa filamu. Ana ukumbi mmoja au miwili na siku tano. Filamu ya dakika 35 ni tabu kwake, maana ni ndefu mno kuitwa fupi na inakula nafasi ya filamu tatu. Ana filamu mbili kuhusu wavuvi wa ziwa moja na hawezi kuziweka zote. Anataka nchi nyingi zionekane kwenye orodha yake. Na juu ya yote anataka filamu ambayo haijaonekana kwingine. Hapa ndipo vijana wengi wa kwetu hujikwaa bila kujua. Matamasha makubwa hudai haki ya onyesho la kwanza: Cannes na Berlin, kwa shindano lao kuu, hawataki filamu ambayo imekwisha kuzunguka. Kijana mmoja wa Makindye alimaliza filamu yake usiku wa Jumamosi, na Jumapili asubuhi akaipandisha yote kwenye YouTube ili ndugu zake walioko ng'ambo wafurahi. Walifurahi kweli. Miezi minne baadaye alinipigia akiwa anasoma masharti ya tamasha alilokuwa akiliota tangu shule, na sharti la pili tu lilimfungia mlango.

Kwa hiyo filamu ikikataliwa, usikimbilie kusema imeonekana mbaya. Huenda hakuna mtu hata mmoja aliyeichukia. Na ikichaguliwa, hayo majani yana maana kubwa kuliko wengi wanavyodhani, hata bila tuzo, kwa sababu imepita mahali ambapo nyingi hubaki.

Kwa sharti moja: tamasha liwe tamasha kweli. Siku hizi yapo yanayoishi mtandaoni tu. Yanatoza ada ya kuingia, dola 20, dola 40, na kila mwezi yanatangaza washindi wa tuzo chungu nzima. Hayana ukumbi, hayana watazamaji, majaji wao hawatajwi. Kijana analipa, anapewa majani, anayabandika kwenye bango na mtaa unampongeza. Nimewahi kukaa na muongozaji mmoja tukapiga hesabu ya ada alizolipa kwa mwaka. Zilitosha kukodi kamera nzuri na taa kwa siku tatu. Alikuwa na majani kumi na moja kwenye bango lake, na filamu yake ilikuwa haijawahi kuonyeshwa mbele ya watu kwenye chumba chenye giza. Inaniuma kuliko jambo lolote katika kazi hii. Kabla ya kulipa, mtu atafute vitu viwili: jina la ukumbi na majina ya majaji. Kimojawapo kikikosekana, aweke pesa yake mfukoni.

Sasa majaji. Idadi yao kwa kawaida ni namba witiri, watano, saba au tisa, ili kura zisifungane, na mmoja wao huwa mwenyekiti. Si lazima wote wawe watu wa filamu. Mwaka 2024 jopo kuu la Berlin liliongozwa na Lupita Nyong'o, binti wa Kenya ambaye sisi Kampala tunamkumbuka kwa kuja kuigiza Queen of Katwe, iliyotoka 2016. Alikuwa mtu mweusi wa kwanza kuongoza jopo lile. Walikuwa saba, na miongoni mwao alikuwemo mwandishi wa vitabu wa Ukraine, Oksana Zabuzhko, pamoja na waongozaji kutoka Hong Kong, Ujerumani, Hispania na Marekani. Dubu wa Dhahabu, tuzo kuu ya Berlin, akaenda kwa Dahomey ya Mati Diop, filamu ya hali halisi kuhusu hazina 26 za kifalme zilizorudishwa na Ufaransa nchini Benin. Wapo waliosema hapohapo: Mwafrika kaongoza, Afrika imeshinda. Mimi nalikataa wazo hilo. Mwenyekiti ana kura yake na ana namna yake ya kuendesha mazungumzo. Wale sita wengine hawakwenda Berlin kupiga makofi. Anachoweza kukifanya mtu anayeijua Afrika akiwa mezani ni kuzuia filamu isitupwe kwa kutoeleweka. Hiyo ni kazi kubwa, na nitaonyesha kwa nini.

Lakini kwanza tutenganishe vitu vinavyochanganywa. Tamasha moja linaweza kuwa na majopo kadhaa yasiyohusiana: la filamu ndefu, la filamu fupi, la wakosoaji wa filamu kupitia shirikisho lao la kimataifa FIPRESCI, pengine na jopo la watu wa makanisa. Filamu ikipata tuzo ya wakosoaji, haina maana jopo kuu liliipenda. Zipo filamu zinazoonyeshwa nje ya shindano kabisa, ambazo majaji hawaruhusiwi kuzigusa. Na yapo matamasha ambayo tuzo yake kubwa haina majaji. Toronto ndiyo mfano: tuzo inayosubiriwa pale ni ya kura za watazamaji. Mwaka 2016, Queen of Katwe, hadithi ya msichana wetu Phiona Mutesi na ubao wa sataranji, ilimaliza nafasi ya tatu kwenye kura hizo. Watu waliokata tiketi ndio walioipa. Jopo la watu watano sidhani kama lingeichagua. Ni filamu inayofungua moyo wazi, na majaji wengi huona haya kuonekana wamelia.

Watu wa Uganda hawapaswi kuliona hilo la kura za watazamaji kuwa geni. Vibanda vya video vya mitaani vimekuwa na majaji wake miaka na miaka. VJ anakaa na maikrofoni pembeni ya skrini, anaitafsiri filamu ya kigeni kwa Kiganda, anaongeza maneno yake, anawapa waigizaji majina ya watu wa mtaani. Filamu ikichosha, yeye huiokoa; ikishindikana kuokolewa, benchi zinaanza kulia watu wakitoka. Hukumu hiyo haiandikwi popote, na hakuna muongozaji anayeweza kuikatia rufaa.

Na majaji wa makaratasi wanaamuaje? Wengi hudhani kila mmoja anatoa alama, zinajumlishwa, na aliye juu anashinda. Alama zipo, lakini hutumika kuanzia mazungumzo tu. Baada ya hapo ni kikao, kama vikao vyetu vya ndugu vinavyoamua mahari: kila mtu amekuja na lake, na hakuna atakayeondoka nalo lote. Wakati mwingine kikao huvunjika. Berlin, mwaka 1970, jopo liliongozwa na Mmarekani George Stevens. Filamu ya Michael Verhoeven iitwayo o.k. ilisimulia jinsi askari wa Marekani walivyombaka na kumuua msichana wa Vietnam, ila tukio likahamishiwa msituni Bavaria. Wengi wa majaji walitaka irudishwe kwa wateuzi. Jaji mmoja, Dušan Makavejev kutoka Yugoslavia, akakataa na habari ikatoka nje. Jopo likajiuzulu na shindano likafungwa bila tuzo hata moja. Mvutano ule ulikuwa juu ya mpaka wa madaraka: je, jaji anaweza kuirudisha filamu ambayo wateuzi wameshaikubali? Kwangu mimi, jopo linahukumu kile kilicholetwa mezani na haliwezi kukifukuza.

Kanuni nyingine ilizaliwa Cannes. Mwaka 1991 filamu moja, Barton Fink, iliondoka na Palme d'Or, ambayo ndiyo tuzo kuu ya pale, tuzo ya muongozaji na tuzo ya mwigizaji wa kiume. Baadaye tamasha likabana, filamu moja isizoe kila kitu. Ndiyo maana leo ukiona muongozaji amepewa tuzo ya uongozaji lakini filamu yake haikuwa ya kwanza, usianze kutafuta mantiki ya kisanaa. Huenda majaji walikuwa wanagawana mkate kama kanuni inavyowataka.

Niliyasoma hayo yote kabla sijaketi mezani, na bado sikuwa tayari.

Tulikuwa watano katika chumba cha ghorofa ya pili chenye pazia zito na feni iliyokuwa ikigonga kila inapomaliza mzunguko. Mwenyekiti wetu alikuwa muongozaji mwanamke wa Afrika Magharibi, mtu mzima, anayesema polepole na kuandika kwa penseli. Wengine walikuwa mhariri wa filamu kutoka Ulaya, mpiga picha wa Nairobi, mwigizaji mmoja wa kike wa hapa Kampala, na mimi. Filamu kumi na nane, siku tatu.

Ya kumi na mbili ilikuwa ya dakika 14, ya Kiswahili, imepigwa kwenye nyumba za kambi ya jeshi. Koplo anarudi kutoka Somalia baada ya muda mrefu. Anafika jioni, begi begani, anabisha hodi kwake. Mlango unafunguliwa na mtoto wa kiume wa miaka kama tisa. Mtoto anamtazama, ananyooka, anasema: "Karibu, afande." Baba anabaki kizingitini. Hatuonyeshwi uso wake; kamera iko chini, kwenye buti zake, na buti haziingii. Filamu inaendelea bila maneno mengi, na usiku tunamwona yule koplo amelala barazani kwenye mkeka, mlango ukiwa wazi nyuma yake.

Taa zikawashwa. Mhariri akasema picha ni nzuri lakini hadithi imevunjika: baba amekaribishwa vizuri na mwanawe, kwa nini analala nje? Mpiga picha wa Nairobi akakunja uso, kama mtu aliyesikia kitu na hana hakika. Mimi nikafungua nakala ya tafsiri. Chini ya picha, pale mtoto aliposema "afande", Kiingereza kilikuwa kimeandika neno la "baba".

Neno moja. Mtoto alikuwa amemwita baba yake kama anavyowaita maaskari wote wanaopita kambini. Hakumjua, au alimjua na hakuwa na jina jingine la kumpa. Tafsiri ilikuwa imemkaribisha ndani mtu ambaye filamu nzima imemwacha nje.

Nikawaeleza. Nikawaambia neno hilo lilitoka kwa Waturuki, likapita Misri na Sudan, likaingia Uganda na askari Wanubi mwishoni mwa karne ya 19, na leo mtoto wa Arua, wa Gulu au wa Busia analijua kabla hajajua kusoma. Nikawaambia pia kwamba kwa Waganda wengi Kiswahili chenyewe kina harufu ya buti. Watu wazima wanakumbuka miaka ya Amin, walipokisikia kwanza kwenye kizuizi cha barabarani, kutoka kwa mtu mwenye bunduki. Baraza la Mawaziri lilikipitisha kuwa lugha rasmi Julai 2022, na likataka kiwe somo la lazima shuleni, lakini masikio hayabadilishwi kwa azimio. Mtoto anayemsemesha baba yake Kiswahili cha kambini, na cheo juu yake, anasema mengi katika maneno mawili.

Chumba kikanyamaza. Kisha mwenyekiti akauliza swali ambalo mpaka leo naliona ndilo gumu kuliko yote katika kazi ya ujaji: "Tunaihukumu filamu, au tunakuhukumu wewe ukiieleza?"

Mhariri akashika kanuni. Filamu ihukumiwe kama ilivyoletwa, tafsiri ni sehemu yake, na tukianza kuongeza maelezo kwa moja itabidi tuongeze kwa zote. Hapakuwa na aliyewaeleza majaji mila za kwenye filamu ya Georgia tuliyoiona asubuhi. Hoja yake ilikuwa nzito. Lakini dada yetu mwigizaji, ambaye alikuwa hajasema neno tangu taa ziwake, akamjibu: "Mimi sikusoma tafsiri. Nilisikiliza. Kwa nini masikio yangu yahesabiwe kuwa ni maelezo, na macho yako yahesabiwe kuwa ni filamu?"

Mimi niko upande wake, na nitabaki upande wake. Tamasha linapoalika majaji wa nchi mbalimbali halitafuti bendera za kupamba meza. Linawaalika ili kila filamu ipate walau mtu mmoja chumbani anayeisikia. Jaji akijilazimisha kusahau anachokijua ili afanane na asiyekijua, sioni haki hapo. Tuliirudia filamu. Safari hii mhariri hakuangalia chini ya picha.

Kura ya kwanza ilikuwa hivi: wawili filamu ya kwanza, wawili ya pili, mmoja ya koplo. Huyo mmoja hakuwa mimi, alikuwa mwenyekiti. Waliotaka ya kwanza hawakuwa tayari kuisikia ya pili, na kinyume chake. Saa tatu tukazunguka palepale, chai ikaletwa, chai ikapoa. Mwishowe mwenyekiti akamtaka kila mmoja aandike tatu anazoweza kuzitetea mbele ya watu. Ikatokea filamu moja ambayo hakuna aliyeipa nafasi ya kwanza, lakini ilikuwa kwenye karatasi zote tano. Ndiyo iliyopewa tuzo. Mimi niliiweka ya tatu. Ya koplo ikapewa kutajwa kwa heshima, tuzo isiyo na pesa, ila ina majani yake.

Naeleza haya kwa uwazi kwa sababu hivyo ndivyo ushindi mwingi unavyopatikana. Filamu inayowagawa watu, inayopendwa kwa nguvu na wawili na kukataliwa kwa nguvu na wawili, mara nyingi huanguka mbele ya ile isiyomkera yeyote. Mpiga kura wa uchaguzi wa kijiji anaujua mchezo huo. Ukitaka kujua filamu zilizochoma watu mwaka fulani, usisome mshindi peke yake; soma tuzo maalum na zile za kutajwa kwa heshima, kwa maana huko ndiko majaji wabishi huzihifadhi walizozipenda.

Hapa nyumbani tuna matamasha yetu, na hayafanani. Amakula lilianzishwa mwaka 2004 na Alice Smits na Lee Ellickson, na ndilo lililowafundisha wengi wetu kwamba filamu ya Uganda inaweza kukaa kwenye ratiba moja na ya Iran au Brazil. Tamasha la Filamu la Uganda lilianza 2013 chini ya Tume ya Mawasiliano, chombo cha serikali kinachosimamia utangazaji. Limewapa waigizaji wetu zulia jekundu na majina, na nalishukuru kwa hilo, ila mtu aelewe kwamba msimamizi wa sekta anapotoa tuzo kwa sekta, hilo ni jambo tofauti na watu huru kukaa mezani na kubishana. Mafunzo nayo yapo: Maisha Film Lab ya Mira Nair imekuwa ikiwanoa waandishi na waongozaji wa Afrika Mashariki hapa Kampala, na jina lake, kama msomaji anavyoona, ni la Kiswahili.

Misitu yetu pia imeshafika kwenye tuzo kubwa ya bara. Mwaka 2019, FESPACO, tamasha kubwa la filamu za Afrika, ilipotimiza miaka 50 kule Ouagadougou, Farasi wa Dhahabu wa Yennenga alikwenda kwa The Mercy of the Jungle ya Mnyarwanda Joel Karekezi, hadithi ya askari wawili wa Rwanda waliopotea msituni Kongo mwaka 1998. Msitu unaouona kwenye ile filamu uko Uganda. Wataalamu wa hapa walishika kamera na nyaya katika kazi ile, kisha wakarudi mitaani kwao ambako hakuna aliyewahi kuisikia.

Baada ya tamasha yule kijana wa filamu ya koplo alinitafuta. Amekulia kambini mwenyewe, mtoto wa sajenti. Nikamuuliza kwa nini aliandika "baba". Akainamisha kichwa. "Mwalimu, niliogopa majaji hawatajua afande ni nini. Nikasema niwarahisishie."

Tukaketi mbele ya kompyuta yangu. Akaitafuta ile sekunde, akafuta neno la Kiingereza, akaandika herufi sita. Akaniuliza kama aongeze ufafanuzi kwenye mabano. Nikamwambia aache hivyo hivyo. Akabonyeza tuitazame. Mlango ukafunguka, mtoto akanyooka, na lile neno likakaa pale chini, juu ya kizingiti, mbele ya buti.